KUPANDA MAWIMBI KWA UBAO: SOMO LA MWANZO KATIKA UFUKWE WA MUIZENBERG



Katika toleo hili tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi ya wazee wetu wakashangaa kulikuta katika jarida la madrasa, nalo ni mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi ya bahari kwa ubao. Sababu zetu ni mbili. Ya kwanza ni kuwa katika likizo ya mwisho wa mwaka tulikuwa wageni wa jamaa zetu mjini Cape Town, Afrika ya Kusini, sisi walimu wawili pamoja na vijana wanne na mama zao, na huko tukapata somo la mwanzo la mchezo huu katika ufukwe wa mji uitwao Muizenberg. Ya pili, na hii ndiyo iliyotufanya tushike kalamu, ni kuwa tulitambua kule kwamba watoto wetu wanaolala na kuamka kwa mshindo wa mawimbi hawaijui bahari. Katika vijana wetu wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili, mmoja tu ndiye aliyekuwa akijua kuogelea, na huyo alijifunzia shuleni Muscat alikokuwa akiishi na baba yake. Waliobaki wote ni watoto wa pwani hasa, wajukuu wa mabaharia na wavuvi. Na hakuna mtaa wa pwani usiokuwa na nyumba iliyowahi kuletewa habari ya mtoto aliyezama.

Basi tunawaomba msomaji mwanafunzi na msomaji mzazi wawe na subira nasi, kwani tutakayoyaeleza hapa zaidi ni habari za bahari kuliko habari za mchezo.

MAHALI PENYEWE

Muizenberg ni kitongoji cha Cape Town kilichopo kiasi cha kilomita 25 kusini ya katikati ya mji, na reli imefika hapo tangu mwaka 1882. Ufukwe wake umetazama ghuba kubwa inayoitwa False Bay, yaani ghuba ya uongo. Jina hilo limetokana na mabaharia wa zamani waliokuwa wakirudi kutoka mashariki, ambao waliiona rasi ya Hangklip wakadhani ni Cape Point, wakakata kona mapema na kujikuta ndani ya ghuba badala ya kuizunguka rasi.

Kwa sisi watu wa madrasa ghuba hii ina historia nyingine. Upande wake wa mashariki, mahali panapoitwa Macassar, lipo kaburi la Sheikh Yusuf wa Makassar, mwanachuoni wa Indonesia ambaye Waholanzi walimhamishia Cape mwaka 1694 kwa kuwapinga, naye akafariki huko mwaka 1699. Baadaye akaletwa mfungwa mwingine, Imam Abdullah bin Qadhi Abdus Salaam kutoka Tidore, maarufu kwa jina la Tuan Guru, ambaye baada ya kutoka kifungoni alifungua madrasa katika mtaa wa Dorp mwaka 1793. Waislamu wengi wa huko ni Shafii kama sisi, na vijana wetu walipoingia msikitini hawakuona ugeni wowote katika sala. Tumetaja haya kwa kupita tu, maana kila mmoja katika hao anastahiki makala yake.

Lakini lipo jingine la kutajwa kuhusu ufukwe huu. Kwa miaka mingi ya ubaguzi wa rangi pwani za nchi ile ziligawiwa kwa sheria, na ile ya mwaka 1953 ndiyo iliyokuwa nzito kupita zote. Muizenberg, yenye mchanga mzuri na mawimbi mapole, ilikuwa ya wazungu. Mwenyeji wetu, mzee wa miaka zaidi ya sitini, alituambia kuwa utotoni alikuwa akipita hapo kwa treni na pua yake ameibana kwenye kioo. Pwani ya watu wa rangi yake ilikuwa Strandfontein, mbele kidogo katika ghuba hiyo hiyo. Sheria ile ilifutwa mwaka 1990. Mzee huyu alikuwa mtu mzima alipokanyaga maji ya Muizenberg kwa mara ya kwanza, na hadi leo hajui kuogelea, wala hakutaka kuingia nasi. Alikaa kwenye ukuta na birika la chai akitutazama. Inafaa wanafunzi waelewe kwamba kutojua kuogelea si mara zote uvivu au uoga. Mara nyingine mtu alizuiliwa maji yenyewe.

KWA NINI HAPO NA SIYO KWETU

Kijana mmoja alituuliza swali zuri sana: "Ustadhi, bahari si ni ile ile? Mbona kwetu hatuoni watu wakisimama juu ya mawimbi?"

Jawabu liko chini ya maji. Mawimbi ya Muizenberg huzaliwa mbali kabisa, katika dhoruba za bahari ya kusini, upande wa kuelekea Antaktika. Upepo mkali ukivuma muda mrefu juu ya eneo kubwa la maji hufanya mawimbi, na mawimbi hayo huendelea kusafiri siku kadhaa hata baada ya upepo wenyewe kutulia. Hapa ni lazima tuelewe kuwa maji yenyewe hayasafiri. Kinachosafiri ni nguvu, kama vile ukitikisa kamba uliyoifunga mtini, mtikiso hufika mtini na kamba iko pale pale mkononi mwako. Dau lililopo katikati ya bahari hupanda na kushuka, halipelekwi pwani na kila wimbi.

Nguvu hiyo ikifika kwenye maji haba, sehemu ya chini ya wimbi huanza kukwama kwenye sakafu ya bahari na sehemu ya juu huzidi kuinuka na kutangulia mbele, mpaka wimbi linapinduka na kuvunjika. Kwa makadirio, wimbi lenye kimo cha mita 1 huvunjika linapofika penye kina cha mita 1 na robo hivi. Sasa kama sakafu inapanda ghafla, wimbi huanguka kwa kishindo kama ukuta. Kama sakafu inapanda taratibu, na iwe ya mchanga, wimbi hulegea na kuvunjika pole pole kutoka juu, na povu lake husukuma kwa masafa marefu kuelekea nchi kavu. Muizenberg ni ya namna hii ya pili. Unaweza kutembea hatua nyingi kuingia baharini na maji yakawa bado kiunoni, na ndiyo maana wanaojifunza huletwa hapo.

Kwetu Unguja na sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, Mwenyezi Mungu ametujaalia mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na nchi. Mawimbi makubwa huvunjika kule nje mwambani, na ndani tunabakiwa na maji matulivu ya kuvulia pweza na kulimia mwani. Huo mstari mweupe mnaouona kwa mbali kutoka Paje au Bwejuu ndio hayo mawimbi. Mwanafunzi asidanganyike akachukua ngalawa kwenda kujaribu ubao kule. Matumbawe hukata kama kisu na maji juu yake ni haba wakati wa kupwa. Anayekwenda huko ni yule aliyekwisha kuwa fundi.

Zaidi ya hayo, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu ni kubwa. Wakati wa bamvua hukaribia mita 4 hapa Zanzibar, na kule Cape Town haizidi mita 2 hivi. Hata hivyo kanuni ni moja kila pahala, na wanafunzi wetu wanaohesabu tarehe za Kiislamu wana faida ambayo wengine hawana: mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bamvua huwa jirani, siku moja au mbili baada yake. Mwalimu wa Muizenberg alifungua simu yake kutazama jedwali la maji. Kijana wetu mdogo akamjibu kabla hajalipata, "Leo ni tarehe kumi na sita, maji yatajaa sana." Mwalimu alimtazama kwa mshangao, kisha akamwonyesha jedwali, na ikawa kama alivyosema.

MAVAZI

Hili ndilo lililozungumzwa zaidi na mama zetu, nasi tunalieleza wazi. Maji ya False Bay ni ya baridi kwa mtu aliyezoea ya kwetu. Wakati wa kiangazi chao, Desemba hadi Februari, hufika digrii 18 mpaka 20, na katika kipupwe hushuka hadi 14 au chini yake. Kwa hiyo watu huvaa suti ya mpira yenye unene wa milimita 3 au 4 inayofunika mwili kuanzia shingoni mpaka vifundoni. Mpira huo una vipovu vidogo vya hewa ndani yake vinavyozuia joto lisitoke, na maji machache yanayoingia kati ya suti na ngozi hupata joto la mwili.

Suti hii inasitiri rangi ya ngozi lakini inabana. Sisi wanaume tulivaa juu yake kaptula pana zilizovuka magoti na fulana za mikono mirefu, na hakuna aliyetushangaa. Mabinti na mama mmoja walivaa suti, na juu yake kanzu fupi ya kitambaa cha kuogelea kisichonyonya maji, na kofia ya kitambaa hicho hicho iliyofunika nywele na shingo. Mavazi ya namna hii sasa yanauzwa nchi nyingi. Lililopata umaarufu zaidi lilibuniwa Australia mwaka 2004 na mama wa Kiislamu, Aheda Zanetti. Jambo la kuepuka ni baibui, dira au kanga ndani ya mawimbi. Kitambaa cha kawaida kikilowa huwa kizito, hujisokota miguuni, na huweza kumzamisha hata anayejua kuogelea.

Tuliomba darasa la wanawake liwe mbali na letu na lifundishwe na mwanamke, na tulikubaliwa bila ya taabu yoyote, ila ilitubidi tuseme mapema siku tuliyojiandikisha. Wakati tuliochagua ulikuwa asubuhi baada ya saa 2. Wakati huo upepo wa kusini-mashariki, ambao katika kiangazi huvuma kwa nguvu mchana na kuyavuruga mawimbi, mara nyingi haujapanda. Na sala ya adhuhuri ilikuwa bado mbali, kwa hiyo tulikuwa na nafasi ya kuvua mpira, kuoga na kutia udhu bila ya haraka. Tahadhari kwa watakaofuata: kuivua suti ile ikiwa imelowa ni kazi ya robo saa kwa mtu mgeni.

BENDERA NA PAPA

Kabla ya kuingia majini mwalimu alituonyesha mlima uliopo nyuma ya ufukwe na bendera iliyokuwa ikipepea pembeni. Tangu mwaka 2004 wapo watu maalumu, wanaitwa Shark Spotters, wanaokaa mlimani na miwani maalumu na darubini kuangalia kama kuna papa ndani ya maji. Bendera ya kijani maana yake wanaona vizuri na hawajamwona papa. Nyeusi maana yake maji hayaonekani vizuri, ila papa hajaonekana. Nyekundu ni hatari iko juu. Nyeupe yenye picha ya papa mweusi, pamoja na king'ora, maana yake papa ameonekana, kila mtu atoke sasa hivi. Fukwe jirani ya Fish Hoek nayo ina wavu ambao hutandazwa na kuondolewa ili usiue viumbe wengine.

Papa weupe wakubwa waliokuwa wakiifanya ghuba hii isifike wamekuwa adimu mno tangu mwishoni mwa miaka ya 2010, lakini kazi ya mlimani inaendelea. Siku yetu bendera ilikuwa ya kijani. Mama mmoja alikaa kwenye mchanga saa mbili nzima bila ya kuiondolea macho.

Tunasema ukweli kwamba papa ndiye aliyeulizwa na kila mtu, na siye anayezamisha watu.

MKONDO

Hapa tunawaomba wanafunzi wasome mara mbili.

Mawimbi yanapoleta maji mengi pwani, maji hayo lazima yarudi. Hayarudi sawasawa pande zote. Hutafuta njia nyepesi, mfereji ulio baina ya mafungu mawili ya mchanga, au pembeni ya mwamba au gati, na hupita hapo kwa pamoja kurudi baharini. Huo ndio mkondo wa kuvuta. Huwa mwembamba, na ukiwa mkali huenda kasi kuliko bingwa yeyote wa kuogelea. Haumvuti mtu chini kama wengi wanavyodhani. Unampeleka nje, na kinachomuua ni kuchoka kwa sababu ya kushindana nao.

Mwalimu alitusimamisha wote mchangani akatuuliza: "Kama una mtoto asiyejua kuogelea, utamwambia aingie wapi hapa?" Vijana wetu wote watatu wasiojua kuogelea, na mmoja wetu sisi walimu, walinyoosha kidole sehemu moja. Palikuwa na mawimbi kushoto, na mawimbi kulia, na katikati palikuwa na maji tulivu kama njia iliyosafishwa, rangi yake imekoza kidogo. Mwalimu akachukua kijiti akakitupa pale. Kijiti kilianza kuondoka kwenda baharini, pole pole mwanzo, kisha tukakipoteza machoni.

Kimya kilitushika. Mahali palipoonekana pa salama ndipo palipokuwa mlango. Mawimbi hayavunjiki pale kwa sababu pana kina zaidi, na pana kina kwa sababu maji yanapachimba kila siku yakirudi. Mama wa kijana mdogo alisema polepole, "Basi ndiyo maana," na hakuongeza neno. Sisi tuliomjua tulielewa anamkumbuka nani.

Alama za mkondo, kwa hiyo, ni pengo lisilokuwa na mawimbi katikati ya mawimbi, maji yaliyokoza au yaliyochafuka kwa mchanga, na povu au mwani unaoelekea nje badala ya kuja pwani. Mtu akishachukuliwa, la kwanza ni kutopigana. Alale chali aelee, avute pumzi, ainue mkono kuomba msaada. Akiwa na nguvu, aogelee kwa ubavu, sambamba na pwani, mpaka atoke nje ya njia ile, kisha ndipo arudi pamoja na mawimbi. Mwenye ubao asiuache abadan, kwani ndio chombo chake. Na aliyeko nchi kavu asijitupe majini mikono mitupu kumfuata mwenzake. Atafute mwokoaji, amtupie dumu tupu lililofungwa kifuniko, ubao, au chochote kinachoelea. Mara nyingi msiba wa pwani huwa wa watu wawili, wa kwanza na yule aliyemfuata.

Mkondo huu uko kwetu pia. Mahali ambapo mwamba una mlango, maji ya kupwa hutoka hapo kwa nguvu, na wavuvi wetu wanaijua milango hiyo kwa majina. Watoto wao wengi hawajaambiwa.

SOMO LENYEWE

Ubao wa mwanafunzi ni mrefu, futi 8 au 9, na umefunikwa sponji ili usimuumize anayeanguka juu yake. Mbele yake tuliita omo na nyuma tukaita tezi, kama chombo chochote cha bahari, na vijana wakashika maneno hayo mara moja. Chini ya tezi kuna mapezi yanayoufanya uende sawa. Kamba moja hufungwa kwenye kifundo cha mguu wa nyuma. Kamba hiyo usiizungushe mkononi hata kwa mzaha, maana wimbi likivuta ubao linaweza kuvunja vidole.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa mchangani. Unalala kifudifudi, vidole vya miguu vikigusa tezi, kifua kimeinuliwa, macho mbele. Viganja unaviweka ubavuni, karibu na mbavu, wala hushiki kingo za ubao. Kisha unajisukuma juu na kuleta miguu chini yako kwa mara moja, mmoja mbele mmoja nyuma, magoti yamekunjwa, mikono imetanuka. Wengi hutanguliza mguu wa kushoto, wengine wa kulia, na yote ni sawa. Ili kujua wako, mtu akusukume kidogo kwa nyuma bila ya kukwambia. Mguu utakaotangulia ndio wa mbele. Ikhtilafu ndogo ilizuka hapo baina yetu walimu wawili, kwa kuwa mmoja alisukumwa mara tatu na kila mara akatanguliza mguu mwingine. Vijana walicheka sana.

Majini tuliingia mpaka kiunoni, si zaidi. Ubao unauweka ubavuni kwako na omo yake ikielekea bahari. Usiuweke baina yako na wimbi, kwani utakupiga kifuani. Mwanzoni hupandi mawimbi mazima. Unatumia yale yaliyokwisha kuvunjika, yanayokuja kama ukuta mdogo wa povu. Unageuza omo kuelekea pwani, unalala, mwalimu anakushikia tezi, na povu likifika unapiga maji kwa mikono mara tatu nne. Unahisi umeinuliwa kwa nyuma, kisha kitu kinakuchukua.

Wa mara ya kwanza wote tuliteleza tukiwa tumelala, na hilo peke yake lilitosha kumfurahisha mtu. Kusimama kulikuja baadaye. Kosa la kila mtu lilikuwa kutazama miguu. Ukitazama chini unakwenda chini. Kosa jingine ni kupiga magoti kwanza halafu ndipo usimame, na wimbi halikungojei. Unapoanguka, anguka bapa, kwa mgongo au ubavu, usiruke kichwa mbele kwenye maji haba. Ukiwa chini, funika kichwa kwa mikono miwili kabla hujaibuka, maana ubao unaweza kuwa juu yako.

Kila baada ya muda mwalimu alipuliza filimbi na kutuamuru tutoke, tutembee mchangani hatua hamsini kurudi kushoto, na kuingia tena. Vijana walinung'unika wakidhani ni adhabu. Lakini kila mara tulikuwa tumesogezwa kuelekea lile pengo bila ya yeyote kuhisi. Yeye alichagua alama mbili nchi kavu, kijumba chekundu na nguzo ya taa, na hakuacha kuzitazama. Hilo ni jambo ambalo nahodha wa jahazi angelitambua.

Adabu za mchezo ni chache na za haki. Wimbi moja ni la mtu mmoja, naye ni yule aliye karibu zaidi na pale linapoanzia kuvunjika. Usipite mbele ya aliyekwisha kusimama. Ukiwa unarudi ndani, zunguka, usimkatie njia. Usitupe ubao ukiona wimbi kubwa, kwani nyuma yako kuna mtu.

Upande wa wanawake, tulipata habari zao wakati wa chai. Binti mkubwa, yule aliyejifunza kuogelea Muscat, alisimama mara ya sita. Mdogo, mwenye miaka kumi na miwili na aliyekuwa akiogopa maji kupita magotini, alishinda muda wote amelala juu ya ubao akirudishwa na povu, akatoka na kuingia, na hakutaka kutoka filimbi ya mwisho ilipolia. Hakusimama hata mara moja. Mama yake aliyekuwa amesema asubuhi, "Ustadhi, mwanangu nimemkabidhi Mungu, lakini na wewe nimekukabidhi," ndiye aliyeuliza kama kuna nafasi kesho.

Tusije tukasahauliwa kuwa mchezo huu si mgeni Muizenberg. Zipo picha za mwaka 1919 za Heather Price amesimama juu ya ubao hapo hapo, na mwandishi Agatha Christie alijifunza mawimbi katika pwani hiyo mwaka 1922. Asili ya mchezo ni visiwa vya bahari ya Pasifiki, Hawaii hasa, na umeingia katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Muizenberg ya leo ina pia shirika la Waves for Change, linalotumia mawimbi kuwasaidia watoto wa vitongoji vyenye shida na fujo. Tuliwaona wakiingia tulipokuwa tukitoka, kundi zima wakiimba.

TULIPORUDI

Wazazi waliotuuliza kama tutaleta mbao hapa tumewajibu kuwa hapana. Ndani ya mwamba wetu hazina kazi, na nje ya mwamba si mahali pa watoto. Tulichokileta ni pendekezo la kuogelea. Kule Nungwi, Panje Project imekwisha kuonyesha kwamba mabinti wa Kiislamu wa Unguja wanaweza kufundishwa kuogelea na kuelea wakiwa na mavazi ya stara kamili na walimu wa kike, na wazee wa vijiji wakaridhika. Tumeandika barua kwa kamati ya wazazi tukiomba siku mbili kwa wiki katika likizo, wavulana siku yao na wasichana siku yao, katika maji ya kifuani ndani ya ghuba, na mvuvi mmoja mzee wa mtaani amekubali kuja kuwaonyesha wanafunzi milango ya mwamba na majina yake. Kinachohitajika ni madumu ya kuelelea, kamba ndefu mbili, filimbi, na nguo za kuogelea za mabinti, ambazo mama mmoja fundi cherehani amesema anaweza kuzishona akipatiwa kitambaa. Mzazi mwenye kitambaa, au mwenye neno la kuongeza au la kupinga, amwone katibu wa kamati baada ya sala ya isha kabla ya mkutano wa Jumamosi.